Klipu ya westgeti: kitu cha ukubwa wa kucha kilichonyamazisha tabo yangu (nimeshatembea nayo kilometa 7,000)

Wadau, leo nawaletea riviu ya kitu kidogo sana, klipu ya springi ya chuma isiyozidi ukubwa wa kucha ya dole gumba, ile inayobanwa kwenye mkono wa westgeti (mlango mdogo wa kupunguza presha) ya tabo (feni inayoisukumia injini hewa kwa presha) ili isigonge. Naiandika kwa urefu kwa sababu kabla sijainunua nilikuwa nimeshaambiwa tabo nzima imekufa nibadilishe, na kwa sababu naona watu wanaiagiza bila kujua ulegevu wao uko wapi afu wanailaumu klipu, wengine wanatoa tabo nzima iliyo hai wanaitupa. Kwa hiyo nitasema ilichofanya na isichoweza kufanya, na hapo katikati nitaeleza nilivyopima, maana bila kupima hii klipu haina maana yoyote.

Gari yangu ni ya petroli, silinda 4, lita 2, tabo moja, westgeti yake inavutwa na mota ya umeme. Mlio ulianza kwenye kilometa kama 118,000. Ulikuwa unakuja injini ikishapata moto tu, nikisimama kwenye taa nasikia trrrrrr ya chuma chembamba, yani kama mfuniko wa sufuria maji yakichemka, ule unavyotetemeka juu ya mvuke, basi ndo ule ule. Nikikanyaga mafuta unapotea kabisa. Nikiachia, pale mzunguko unaposhuka kupita 2,000, unarudi sekunde moja mbili kwa nguvu, afu ikirudi sailensi (injini inawaka bila kukanyagwa mafuta) unaendelea taratibu. Nguvu ya gari ipo vilevile, taa ya injini haijawaka, oili haipungui, moshi hamna.

Gereji ya kwanza fundi alisikiliza boneti ikiwa imefungwa, akaniambia bosi hii tabo imeisha, hizo ni beringi. Hakufungua hata bati moja. Jibu hilo halikuniingia kabisa, kwa sababu beringi za tabo zikiisha hazilii hivyo. Shafti ya tabo ya gari ndogo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nyingine zinapita 200,000, kitu chenye kasi hiyo kikilegea kinapiga king'ora kinachopanda pamoja na presha, kinakuja na moshi wa bluu, oili inaliwa, na mabawa ya feni yanaanza kukwangua nyumba yake. Hakiwezi kugonga kwenye sailensi afu kikanyamaza unapokanyaga mafuta, maana unapokanyaga ndo shafti inakimbia zaidi. Mlio unaokufa kwenye nguvu unakuambia kuna kitu kinakandamizwa kwenye nguvu na kuachiwa kwenye sailensi, na kwenye tabo kitu cha namna hiyo ni kimoja.

Kwa wasioijua westgeti, iko hivi. Tabo inazungushwa na moshi wa ekzosi, na ukiuacha moshi wote upite kwenye feni presha itapanda mpaka iue injini, kwa hiyo pembeni ya feni kuna mlango mdogo, ukifunguka moshi unapitia hapo unaenda zake bila kuzungusha chochote. Mlango huo umefungwa kwenye mkono, mkono una shafti fupi inayopita kwenye bushi (kipete cha chuma) katikati ya ukuta wa nyumba ya tabo, upande wa nje kuna mkono mwingine, na huo wa nje ndo unaungwa na rodi ya akchueta (kile kinachouvuta mlango, kwangu ndo ile mota) kwa pini. Vyote hivi vinaishi kwenye moshi ambao kwa injini ya petroli iliyobebeshwa mzigo unafika nyuzi 900 na kupita, haviwekwi oili, haviwekwi grisi, na kiwandani vinaachiwa kanafasi kidogo kwa makusudi ili chuma kikitanuka visigande. Hako kanafasi ndo kanakua mwaka hadi mwaka.

Sasa moshi wenyewe hautoki kama maji ya bomba, unatoka kwa vishindo. Silinda 4 zinatoa vishindo viwili kila injini inapozunguka mara moja, kwa hiyo kwenye mzunguko wa 800 unapata karibu vishindo 27 kila sekunde. Kwenye sailensi magari mengi ya siku hizi kompyuta inauacha mlango wa westgeti wazi ili moshi upite bila kubanwa, na ukiwa wazi hauna kiti cha kukalia, umening'inia tu, kila kishindo kinautikisa. Ukikanyaga mafuta akchueta inauvuta mlango ukalie kiti chake kwa nguvu, ni sawa na kuweka kidole juu ya ule mfuniko wa sufuria. Kimya.

Nilivyoelewa hivyo bado sikukimbilia kununua klipu, na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu hii hatua ndo watu wanairuka. Chini ya boneti kuna vitu vingi vinavyotoa mlio wa bati, na mashtaka yote yanaishia kwa tabo. Cha kwanza ni yale mabati ya kuzuia joto, boliti moja ikikatika kwa kutu bati linacheza na linalia karibu sawasawa na westgeti. Gari ikiwa ya baridi nililigonga kila bati kwa ngumi, moja moja, nasikiliza kama kuna linalojibu. Hamna. Cha pili kataliti (kisafisha moshi kwenye ekzosi), ile kauri ya ndani ikivunjika vipande vinachezacheza, hii unagonga kwa nyundo ya mpira taratibu ukisikia kitu kinahama ndani ujue ndo hiyo. Yangu ikajibu kama chuma kilichojaa, iko sawa. Cheni ya taiming nayo inagonga, ila yenyewe inapenda asubuhi, sekunde chache mpaka presha ya oili ijae kwenye tensheni (kikaza cheni), na inasikika upande wa cheni sio upande wa ekzosi, wakati yangu asubuhi ilikuwa kimya na inaanza ikishachemka. Gasketi ya manifoldi (paipu la kukusanya moshi toka kwenye silinda) ikivuja inatoa tik tik tik gari ikiwa ya baridi, inapungua chuma kikitanuka, na inaacha alama ya masizi meusi pale inapopumua. Yangu ilikuwa kinyume kabisa.

Ndo nikaenda kwa fundi wa pili, mzee mmoja anayeongea kidogo, akaomba gari iwashwe nje sio ndani ya banda, kwa sababu ya moshi, akasubiri ipate moto kweli kweli, kama robo saa, hana haraka. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye nyumba ya tabo, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akasikiliza. Akahamisha kwenye kava la cheni. Akahamisha kwenye manifoldi. Akarudi kwenye tabo. Akanipa na mimi nisikilize, na aisee tofauti ni kubwa mno, kwenye kava la cheni unasikia mvumo tu wa injini, ila kwenye nyumba ya tabo, pale karibu na mkono wa westgeti, ni kama mtu anagonga kijiko kwenye meno yako.

Halafu akafanya jambo lililomaliza ubishi. Alikuwa na fimbo ya chuma ndefu, mwisho ameikunja kama ndoano, akavaa glavu nene za kuchomelea, akaipitisha kati ya paipu mpaka ikaugusa ule mkono wa nje, akausukuma kwa pembeni kidogo tu, hakuvuta kufungua wala kufunga, amebana tu ule ulegevu. Mlio ukakatika papo hapo, kama mtu kazima redio. Akaachia, trrrrrr. Akabana, kimya. Mara tatu hivyo. Akaniangalia akasema, "Umeona bosi? Tabo yako nzima. Mkono ndo umelegea."

Kwenye magari ya mota ya umeme kama yangu msilazimishe mkono uende na kurudi kwa nguvu injini ikiwa inawaka, ile mota ina giya ndogo za ndani zinavunjika, bana ulegevu kwa pembeni tu inatosha. Mwenye skana (kifaa cha kuongea na kompyuta ya gari) inayoweza kutoa amri ana njia safi zaidi, aiamrishe westgeti ifunge gari ikiwa sailensi, mlio ukikatika ukirudi ikifungua basi umeshapata jibu bila kuunguza mkono. Zile za vakyum (zinazovutwa kwa kunyonya hewa), ambazo kipumzikio chake mlango uko wazi na vakyum ndo inaufunga, unachomoa hosi unaweka pampu ya mkono unavuta, mlango unafunga, unasikiliza. BMW injini ya N54, ile ya tabo mbili iliyotoka 2006, ni ya aina hiyo na kugonga kwa westgeti zake kulikuwa maarufu mpaka programu ya kompyuta ikabadilishwa mlango usiachwe uning'inie vile kwenye sailensi. Na zile za zamani za presha ni kinyume, springi inaufunga mlango muda wote, presha ndo inafungua, kwa hiyo zikigonga kwenye sailensi jua springi imechoka au ulegevu umekuwa mkubwa sana.

Tukaizima. Ikapoa mpaka kesho yake. Sasa hii ndo sehemu ninayoiona ya muhimu kuliko zote kwa mtu anayefikiria kununua hii klipu, kwa sababu kujua kwamba ni westgeti bado haitoshi, lazima ujue ni wapi kwenye westgeti. Ulegevu unakaa sehemu mbili. Moja ni pale rodi inapoungana na mkono wa nje, kwenye pini. Nyingine ni shafti ndani ya bushi kwenye ukuta wa tabo. Mlango wenyewe nao unacheza kidogo juu ya mkono wake wa ndani, huo mchezo mdogo umewekwa makusudi ili mlango ukae bapa kwenye kiti, usihangaike nao.

Mzee alishika rodi kwa vidole viwili mkono wa kushoto, wa kulia akashika mkono wa westgeti, akavitikisa kinyume. Kwenye pini ilikuwa inacheza wazi wazi, nimeona kwa macho, na tulipomulika kwa tochi pini imelika upande mmoja imebaki na mfereji unaong'aa kama umepigwa msasa, kule kwingine ina kutu ya kahawia ya kawaida. Mfereji huo ndo kila kishindo kilipokuwa kinagonga. Baadae akashika mkono peke yake, karibu kabisa na bushi, akajaribu kuutikisa juu chini na ndani nje. Ulicheza kiduchu, kiasi cha kuhisi tu, na kuzunguka shimo la bushi hapakuwa na masizi. Bushi ikilika sana moshi unapenyea hapo unaacha mviringo mweusi kama kidonda. Yangu ilikuwa kavu. Akasema weka klipu.

Klipu yenyewe sasa. Niliagiza mtandaoni, muuzaji simtaji kwa sababu nina malalamiko naye kidogo nitayasema chini. Imekuja kwenye kimfuko cha nailoni, moja tu, hamna karatasi ya maelekezo hata mstari. Ni bati la chuma kisichoshika kutu, limekunjwa kwa mashine, kingo zimelainishwa, sio zile zenye vinyweleo vya chuma vinavyokata vidole. Nimeibana kwa koleo kuijaribu, springi yake ni ngumu kweli, inarudi pale pale. Hilo ndo jambo la kuangalia kwanza unapoipokea, kwa sababu chuma cha kawaida ukikiweka kwenye joto la tabo kinapoteza ule ukakamavu wa springi, wiki mbili kimekuwa bati la kawaida lililolegea na mlio umerudi. Hata watengenezaji wa magari wenyewe wameshatoa klipu za namna hii kwa baadhi ya injini zao, kwa hiyo wanaoiita dawa ya kienyeji wanakosea, wazo ni sahihi, chuma ndo kinatofautiana.

Inavyofanya kazi ni rahisi. Inakumbatia rodi na mkono pale penye pini inavisukuma upande mmoja muda wote, kwa hiyo ule ulegevu upo bado lakini hauna ruhusa ya kugonga, pini imelala upande mmoja wa tundu haiondoki. Haiongezi chuma kilicholika. Haifungi kitu kikagande. Mkono unaendelea kufungua na kufunga kama kawaida ila umeshikwa shikwa.

Kuifunga nilifunga mwenyewe mzee akiwa pembeni, ilichukua kama saa moja, na dakika 45 za hiyo saa zilikuwa ni kutoa bati la kuzuia joto. Boliti zake tatu zimeshikana kwa kutu, tulizipulizia dawa ya kulegeza kutu usiku wake, asubuhi mbili zikatoka, ya tatu ilikuwa inaenda na kurudi robo robo, unafungua kidogo unarudisha unapulizia tena, ukilazimisha inakatika na hapo umejitafutia kazi ya kutoboa. Ukishatoa bati klipu inaonekana inapotakiwa kukaa ila mkono wa mtu hauingii vizuri, na klipu ikikuponyoka inaanguka kwenye kava la chini la plastiki au inapotelea juu ya gia boksi. Ushauri wa mzee, na ni mzuri kuliko maelekezo yoyote ambayo yangekuja na mfuko, ni kuifunga kwa waya mwembamba kama sindano inavyofungwa uzi, ikidondoka unaivuta. Nikaipachika upande wa mkono kwanza, nikasukuma kwa bisibisi bapa upande wa rodi, ikafika mahali ikakataa, nikaona kwenye kioo kidogo haijanyooka, nikairudisha, nikasukuma tena ikalia tak. Huo mlio wa tak ndo unaoutafuta, bila huo haijakaa.

Kabla ya kurudisha bati tukaunganisha skana tukaiamrisha westgeti ifungue mpaka mwisho na ifunge mpaka mwisho mara kadhaa, injini imezimwa, huku tunamulika kuona klipu haigusi ukuta wa tabo wala haikwami. Msiache hili. Klipu ikikwama mlango ukabaki nusu wazi gari inakosa nguvu, ukibaki umefunga presha inapanda bila breki. Na msipake grisi pale mkidhani mnasaidia, grisi ya kawaida inaungua inabaki unga mgumu ambao unasaga kama mchanga. Rodi hatukuigusa pia. Kuna mafundi wakisikia westgeti inagonga wanakimbilia kuifupisha rodi kwa kuizungusha nati, mlio unapungua kweli kwa sababu mlango unakaa umebanwa zaidi, lakini umebadilisha na sehemu ya kufungukia, kwenye tabo za presha unapata presha kubwa kuliko iliyokusudiwa, na kwenye za umeme kompyuta inapoteza hesabu ya wapi mlango umefunga, inabidi ifundishwe upya kwa skana. Kama hakuna aliyeichezea rodi, na nyinyi iacheni.

Matokeo. Siku ya kwanza niliwasha nikaacha ichemke nikiwa nimesimama pale boneti juu, nasubiri ule mlio, na haukuja. Dakika 10, 20, kimya, nasikia sindano za petroli zinatik tik tu, ambazo kwa miezi sikuwa nazisikia. Nikaingia barabarani. Kwenye kuachia mafuta kati ya 2,000 na 1,700 bado kuna kitu kidogo, sauti ya chini sana, madirisha yakiwa yamefungwa huisikii, ukipita karibu na ukuta dirisha wazi unaisikia. Hiyo ni ile sehemu ya bushi iliyolika kiduchu na klipu haifiki kule, nilishaambiwa mapema kwa hiyo haikunishtua. Naipa asilimia 90 ya kazi, na hiyo 10 iliyobaki sio kosa lake.

Nguvu haijabadilika, haijaongezeka wala kupungua, na mtu akikuambia klipu imemuongezea nguvu labda mlango wake ulikuwa haufungi vizuri, kwangu kwenye skana presha inayotakiwa na presha halisi zilikuwa zinalingana kabla na zinalingana baada. Hicho ni kipimo kizuri cha kujua umefikia wapi. Zikianza kuachana, kompyuta inataka nyingi tabo inaleta kidogo, na baadae ikaja kodi (namba ya hitilafu) P0299 ya presha pungufu, ulegevu umeshavuka kiwango cha klipu.

Na hili nimeliona kwa macho yangu kwa rafiki yangu. Aliposikia gari yangu imetulia akaagiza klipu ile ile siku ile ile, gari yake inafanana na yangu ila imetembea zaidi ya kilometa 200,000. Nilimwambia kaka subiri kwanza tupime, akasema mlio ni ule ule kuna haja gani. Akaweka. Wiki ya kwanza akafurahi, mlio ulipungua nusu. Wiki ya tatu ukarudi wote, na taa ya injini juu, P0299, gari ikipanda mlima inakohoa inakataa kuvuta. Tulipofungua bati tukakuta mviringo wa masizi kuzunguka bushi, mweusi tii, na mkono ukiushika karibu na ukuta unacheza kama jino linalotaka kung'oka. Klipu yake ilikuwa pale pale imebana vizuri, kazi yake inafanya, ila ilikuwa inabana mahali pasipo na ugonjwa.

Kwake ilibidi tabo ishuke. Karakana ya tabo ikatoboa bushi ya zamani, ikaweka bushi mpya na shafti mpya yenye mlango wake, wakapima mlango unakaa bapa kwenye kiti, na katriji ya beringi (ule moyo wa tabo wenye shafti) haikuguswa kwa sababu ilikuwa nzima. Kwenye kurudisha mzee alisimamia mwenyewe: gasketi zote mpya, washa za paipu ya oili mpya, oili na filta mpya, na kabla ya kuunga paipu ya oili akamimina oili kwenye tundu la tabo huku anazungusha feni kwa kidole, ili ile shafti isianze kazi kavu. Kisha skana, kuifundisha westgeti mwanzo na mwisho wake. Gari imerudi na nguvu zake zote. Kwa hiyo hata ugonjwa wa bushi hauhitaji lazima tabo mpya kama feni na beringi ziko salama na nyumba haijapasuka karibu na kiti cha mlango, angalieni hizo nyufa kwanza, nyumba ikipasuka pale ndo hamna ujanja.

Malalamiko yangu kwa muuzaji wa klipu. Ameandika inafaa tabo zote. Sio kweli, pini na rodi zina vipimo tofauti, na kuna westgeti ambazo rodi inakuja kwa pembe nyingine kabisa klipu haina pa kushika, pimeni unene wa pini na upana wa mkono kabla ya kuagiza, kaliper ya bei ndogo inatosha. Ameandika pia inaponya westgeti. Neno hilo lingepaswa kuwa inazuia kugonga kwenye pini, basi, na laiti angeandika hivyo rafiki yangu asingepoteza wiki tatu na kuzunguka na gari inayovuja moshi. Na kukosa maelekezo ni uzembe, mtu wa kawaida akikosea upande wa kuipachika inakaa nusu nusu na siku ikiruka inaweza kuingia kwenye mkanda. Kwa chuma chenyewe na utengenezaji wake sina neno, kimefanywa na mtu anayejua kazi. Nyota 4 kati ya 5, ile moja nimeikata kwa maandishi yake ya uongo.

Nani anunue? Mwenye mlio wa sailensi na wa kuachia mafuta unaokatika akibana mkono, pini inacheza, bushi haina masizi, presha kwenye skana zinalingana. Huyo anunue hata leo. Ambaye bushi inacheza ahifadhi hela yake ya kwenda karakana ya tabo. Na ambaye hajapima chochote, aanze na bisibisi na sikio.

Juzi imefika kilometa 7,000 tangu niifunge nikafungua tena bati kuichungulia. Imebadilika rangi, imekuwa ya buluu na zambarau kwa joto, kama paipu ya ekzosi ya pikipiki. Niliisukuma kwa bisibisi haikusogea. Pini ule upande unaong'aa umeanza kufifia, unashika ile rangi ya kahawia kama chuma cha jirani yake, maana hakuna kinachougonga tena. Nikarudisha bati, boliti zote tatu safari hii nikazipaka dawa ya kuzuia kushikana kwa joto.